Herufi ndogo juu ya bidoni: ginsi mafuta ya moteri yanavyopimwa



Kila mtu anayepita sokoni ao kando ya barabara anaona bidoni za mafuta ya moteri zimepangwa juu ya meza. Zingine ni za bei kali, zingine za bei ndogo. Ukifungua mbili na kuangalia ndani, rangi ni moja: manjano kama asali. Ukitia kidole, zote zinateleza. Sasa, kwa nini moja ipite ingine bei mara mbili? Na namna gani mtu atajua kama ile anayolipa ni mafuta ya kweli?

Watu wengi wanajibu upesi. Mmoja anasema: «Papa, angalia vile iko nzito, hii njo ya nguvu.» Mwingine anasugua tone kati ya vidole viwili, ananusa, anatikisa kichwa kama daktari. Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba kidole, pua na jicho haziwezi kujibu ulizo hili. Jibu liko katika herufi chache na namba chache zilizoandikwa juu ya etiketi, na nyuma ya kila herufi kuna majaribio mengi. Asiyejua kuzisoma anaweza kuua moteri yake akifikiri anaitunza. Na moteri ikikufa, si chuma tu kinachopotea. Kama ni kamyo, ni mali ya jamaa nzima. Kama ni motokari ya hospitali, ni mgonjwa anayebaki njiani.

1. Mafuta yanafanya kazi gani?

Wengi wanajua kazi moja: kutelezesha, chuma kisisugue chuma. Ni kweli, lakini kuna zingine ine.

Ya kwanza ni kupoza. Maji ya radiateri hayafiki chini ya pistoni wala kwenye kusineti (zile bakuli nyembamba zinazoshika mti wa chuma unaozunguka chini ya moteri). Pale ni mafuta yanayobeba joto.

Ya pili ni kusafisha. Moto wa esansi ao wa mazutu unaacha masizi na uchafu. Mafuta mazuri yanakamata ule uchafu na kuubeba, usishikamane na chuma.

Ya tatu ni kuziba. Kati ya pete za pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi ndogo sana. Mafuta yanaijaza, kusudi nguvu ya moto isitoroke.

Ya ine ni kuzuia kutu na asidi. Moto ukiwaka unatoa asidi, zaidi kama mazutu iko na kiberiti (sulfuri) mingi. Asidi inakula chuma polepole, na mafuta lazima yaizimishe.

Kwa sababu ya kazi hizi zote, mafuta ya moteri si kitu kimoja bali ni mchanganyiko. Sehemu kubwa, karibu 80 katika 100, ni mafuta ya msingi. Zinazobaki ni dawa za namna mbalimbali: dawa ya kusafisha, dawa ya kutawanya masizi, dawa yenye zinki na fosfori ya kulinda chuma, dawa ya kuzuia povu, dawa ya kuzuia mafuta yasioze katika joto, na dawa ya kushika uzito wake. Sikieni vizuri: dawa hizi hazionekani kwa macho. Mafuta yenye dawa zote na mafuta yasiyo na hata moja yanaweza kufanana kama mapacha ndani ya bidoni. Njo maana wenye viwanda walilazimika kutafuta vipimo.

2. Vipimo vilianza namna gani?

Motokari za kwanza zilipotoka, kila mwuzaji alisema yake: mafuta mepesi, ya katikati, mazito. Lakini «mazito» ya huyu yalikuwa «mepesi» ya yule. Huko Marekani, chama cha waenjenyeri wa motokari kinachoitwa SAE kilianzishwa mwaka 1905. Mwaka 1911 kilitoa kanuni yake ya kwanza juu ya mafuta ya moteri. Kutoka hapo zikatokea namba tunazoziona mpaka leo: SAE 30, SAE 40, SAE 50. Namba hizi zinasema kitu kimoja tu: uzito wa mafuta, maana yake ginsi yanavyokaza wakati wa kutiririka. Hazisemi kama ni mazuri ao mabaya.

Katika miaka ya 1930 shida nyingine ilionekana. Kiwanda cha Caterpillar kilikuwa kikitengeneza moteri za mazutu zenye kufanya kazi ngumu na moto mkali. Mafuta ya wakati ule yalikuwa na uzito sawasawa, lakini pete za pistoni zilishikamana kwa uchafu na moteri zikakufa. Namba ya SAE ilikuwa sawa, na bado moteri inakufa! Hapo watu wakafahamu kwamba kupima uzito peke yake hakutoshi. Wakatengeneza mafuta yenye dawa ya kusafisha. Tena wakatengeneza moteri ya silinda moja kwa kazi ya kujaribia mafuta tu. Jaribio lile liliitwa L-1. Moteri ilizunguka masaa 480, ni kusema siku 20 mchana na usiku, kisha ikafunguliwa na pistoni ikaangaliwa. Tangu wakati ule kanuni ni hii: kama unataka kujua mafuta, yatie ndani ya moteri, uitese, halafu uifungue uone.

Mwaka 1947 chama kingine cha Marekani, API, ambacho ni cha watu wa petroli, kilianza kupanga mafuta kwa kazi yao. Mwaka 1952 kikabadilisha mpango. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, API, SAE na ASTM (hawa wa mwisho njo wanaoandika namna ya kupima) wakapatana juu ya herufi tunazozitumia hata sasa. Herufi S ni ya moteri za esansi, herufi C ni ya moteri za mazutu. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi: SA, SB, SC, na kuendelea mpaka SP ya mwaka 2020 na SQ ya mwaka 2025. Kwa mazutu: CA, CB, CC, CD, mpaka CK-4 ya mwisho wa mwaka 2016.

Huko Ulaya, chama cha viwanda vya motokari, ACEA, kilichozaliwa mwaka 1991, kilitoa mpango wake mwaka 1996. Herufi zake ni A na B kwa motokari ndogo za esansi na mazutu, C kwa zile zenye vifaa vya kusafisha moshi, na E kwa makamyo. Wenye viwanda kama Volkswagen na Mercedes-Benz wanaongeza namba zao wenyewe.

3. Vipimo vya laboratwari

Tuangalie sasa kazi yenyewe. Mbele ya kutia mafuta ndani ya moteri ya kujaribia, wanayapima katika laboratwari. Kila kipimo ni kama ulizo moja.

Ulizo la kwanza: Yana uzito gani yakiwa moto? Wanatia mafuta ndani ya kitube cha glasi chembamba, kilichozamishwa katika chombo chenye joto la degre 100 kamili. Wanahesabu sekunde ngapi yanatumia kupita toka alama moja mpaka ingine. SAE 40 lazima iwe kati ya 12,5 na 16,3 katika kipimo kinachoitwa sentistoki. Kwa kulinganisha, maji ya degre 20 ni karibu 1. SAE 30 ni toka 9,3 mpaka 12,5. SAE 50 ni toka 16,3 mpaka 21,9.

Ulizo la pili: Yanatiririka wakati wa baridi? Hapa njo inatoka herufi W, ya neno «winter», ni kusema majira ya baridi. Mafuta 15W-40 yanapimwa kwa degre 20 chini ya sufuri kuona kama moteri itaweza kuzunguka. Utasema: «Kwetu hakuna teluji, W inatuhusu nini?» Inatuhusu. Asubuhi, hata kwa degre 15 tu, mafuta mazito sana yanachelewa kufika juu ya moteri. Dakika ile ya kwanza, chuma kinasugua chuma. 15W-40 inafika upesi asubuhi kupita SAE 40 ya namba moja, na moteri ikiisha kupata moto, uzito wao ni wa cheo kimoja.

Ulizo la tatu: Yanavumilia kukazwa katika joto kubwa? Ndani ya kusineti mafuta yanafinywa kwa nguvu na mwendo mkali sana. Wanapima kwa degre 150, katika nafasi nyembamba inayozunguka mbio. 15W-40 lazima ibaki na 3,7 ao zaidi katika kipimo cha milipaskali-sekunde. Mafuta yanaweza kuwa mazito katika bidoni na kupoteza uzito wake mahali pale pale unapohitajiwa.

Ulizo la ine: Yanapotea kama mvuke? Wanayapasha moto degre 250 kwa saa moja, kisha wanapima ni ngapi yamepotea. Kwa mafuta mepesi ya cheo cha SP, yasipite 15 katika 100. Mtu anayesema «moteri yangu inakula mafuta» wakati mwingine moteri yake haina kosa. Mafuta yenyewe yanageuka mvuke.

Ulizo la tano: Yanashika moto kwa degre ngapi? Wanapasha mafuta ndani ya kikombe na kupitisha ulimi mdogo wa moto juu yake. Mafuta mapya kwa kawaida hayawaki mbele ya kupita degre 200. Kama yanawaka chini sana, labda esansi ao mazutu imechanganyika ndani.

Ulizo la sita: Yana nguvu ngapi ya kuzimisha asidi? Hii ni kemia ile tunayosoma darasani: wanatia asidi kidogo kidogo mpaka nguvu yote ya mafuta imekwisha. Jibu linaandikwa kwa namba ya TBN. Kwa mafuta mapya ya moteri za mazutu, namba hii mara nyingi iko karibu na 10. Mafuta yasiyo na dawa yatakuwa karibu na sufuri. Kipimo hiki kinafunua uongo upesi sana.

Ulizo la saba: Ndani yake kuna nini? Kwa chombo kinachochoma mafuta na kusoma mwangaza wake, wanahesabu kalsiyumu, zinki, fosfori na vingine. Kama etiketi inasema SP na zinki haiko, etiketi inadanganya.

4. Kutesa moteri

Mafuta yakishinda laboratwari, kazi ngumu bado. Kwa kupata SP, lazima yapite ndani ya moteri za kweli zilizofungwa juu ya meza ya chuma, na kila moteri ina mateso yake.

Jaribio IIIH linatumia moteri ya Chrysler ya litre 3,6. Masaa 90, mafuta yakiwa na degre 151. Wanataka kujua kama mafuta yataoza na kuwa mazito kama uji.

Jaribio IVB linatumia moteri ndogo ya Toyota ya litre 1,5. Masaa 200 ya kupanda na kushuka mwendo bila kupumzika. Wanapima kiasi gani chuma cha juu, kile kinachofungua na kufunga milango ya hewa, kimeliwa.

Jaribio VH linatumia moteri ya Ford ya litre 4,6. Masaa 216, mara moto, mara baridi, sawa gari inayosimamasimama mjini. Wanatafuta tope nyeusi.

Jaribio VIII linapima kusineti kwa mizani mbele na nyuma ya jaribio, kuona asidi imekula miligramu ngapi.

Jaribio X linapima kama mnyororo wa ndani umerefuka.

Kwa mazutu kuna majaribio mengine. Mack T-11 inaangalia kama masizi yanafanya mafuta kuwa mazito. Volvo T-13, ya masaa 360, inaangalia kama yanaoza katika joto.

Kisha moteri inafunguliwa. Watu waliofundishwa kazi hiyo wanaangalia kila kipande katika mwangaza mzuri na kukipa pointi, toka sufuri mpaka 10, kama mwalimu anavyosahihisha kazi ya mwanafunzi. Kumi maana yake ni safi kabisa. Mafuta yakianguka katika jaribio moja, hata kama yameshinda yote mengine, herufi haipatikani. Hapa hakuna kusema «nimepata 60 katika 100, nimepita.» Ni lazima kupita kila somo.

5. Kusoma etiketi

Mwaka 1983 API ilitoa alama ya mviringo, yenye umbo la pete. Katika nusu ya juu kumeandikwa «API SERVICE» na herufi za cheo, kwa mfano CI-4 ao SP. Katikati kuna uzito, kwa mfano SAE 15W-40. Chini panaweza kuandikwa neno juu ya kupunguza esansi, ao pabaki wazi. Kiwanda hakina ruhusa ya kuandika alama hii mbele ya kufanya mapatano na API. Tena API inanunua bidoni sokoni, bila kumwonya mwenye kiwanda, na kuzipima kuona kama ndani kuna kile kilichoandikwa.

Sasa, makosa matatu ambayo watu wetu wanafanya:

Kosa la kwanza: kutazama namba na kuacha herufi. «Nipatie ya 40!» Lakini SAE 40 yenye SA na SAE 40 yenye CI-4 ni vitu viwili mbali sana. API yenyewe inaandika kwamba SA haina dawa yoyote, na haifai kwa sehemu kubwa ya moteri za esansi zilizotengenezwa nyuma ya mwaka 1930. SB haifai kwa zile za nyuma ya 1951, na SF kwa zile za nyuma ya 1988. Kwa mazutu, CC ilikoma na moteri za 1990, CD na zile za 1994. Bado unaweza kukuta bidoni nzuri yenye kung'aa imeandikwa SF/CD. Huenda mwuzaji si mwongo: ndani kuna SF/CD kweli. Lakini kama moteri yako ni ya mwaka 2005 na ina turbo, mafuta yale ni ya babu yake.

Kosa la pili: kufikiri kwamba mpya zaidi inafaa kila pahali. Kwa kawaida SP inaweza kuchukua nafasi ya SN, na CK-4 nafasi ya CI-4. Lakini FA-4, iliyotoka wakati mmoja na CK-4, ni mepesi sana katika joto na haifai kwa makamyo ya zamani. Tena pikipiki nyingi za taksi ni za namna nyingine: ambreyaji yake inaoga katika mafuta yale yale ya moteri. Mafuta ya motokari yenye dawa ya kutelezesha sana yanafanya ambreyaji iteleze, na pikipiki inakosa nguvu kwenye mlima. Kwa sababu hii Wajapani walitoa mwaka 1998 kanuni ya JASO. Kwa pikipiki ya namna ile, tafuta herufi MA juu ya bidoni.

Kosa la tatu: kuhukumu kwa rangi. «Mafuta haya ni mabaya, juma moja tu yamekuwa meusi!» Katika moteri ya mazutu, mafuta yanayogeuka meusi upesi mara nyingi yanafanya kazi yake: yamekamata masizi na kuyabeba. Yale yanayobaki masafi na kung'aa, huenda yameacha uchafu wote umeshikamana na pistoni. Wakati wa kubadilisha unahesabiwa kwa kilometre ao kwa masaa ya kazi, sawasawa na kitabu cha moteri. Rangi haitoshi.

6. Mafuta ya uongo

Kuna watu wanaokusanya mafuta ya vidanje, wanayapasha moto, wanayachuja na kitambaa, wanayatia katika bidoni ya jina kubwa, na kuyauzisha. Rangi inarudi kidogo, uzito unaweza kufanana. Lakini kitambaa hakizuii asidi iliyoyeyuka ndani, wala vumbi ya chuma iliyo ndogo sana. Na dawa zilizokwisha hazirudi kwa kuchuja. Mafuta yanaweza kusafishwa upya katika kiwanda kikubwa, kwa mvuke na kemia, kisha kutiwa dawa mpya na kupimwa upya. Hiyo ni kazi halali. Lakini sufuria na kitambaa si kiwanda.

Ubaya ni kwamba moteri haikufi siku ile ile. Inaenda juma, inaenda mwezi, na mwenye gari anashangilia bei ndogo. Ndani, pete zinaanza kushikamana, kusineti zinaliwa. Siku moja kwenye mlima mrefu, kama ule wa Ngomo, mtu akitoka bonde la Ruzizi kwenda Bukavu na mzigo, moteri inagonga na kusimama. Shofere atalaumu mlima, fundi atalaumu shofere. Mwenye kuuzisha mafuta hatajwi na mtu.

7. Sisi tunaweza kupima nini?

Shule haina moteri ya kujaribia wala chombo cha kusoma zinki. Lakini tunaweza kufanya haya, pamoja na mwalimu wa fizika ao wa kemia:

a) Angalia bidoni mbele ya kulipa. Kifuniko kimefunguliwa? Pete yake imekatwa? Etiketi imebandikwa mara mbili? Herufi zimeandikwa na makosa? Namba ya kiwanda imefutwa? Ukikuta moja ya hayo, uache. Na bidoni tupu zenu, zitobolewe mbele ya kutupwa, kusudi mdanganyifu asizijaze tena.

b) Kulinganisha uzito. Tia mafuta mawili katika vitube viwili sawasawa, vikae saa moja katika maji ya joto moja. Angusha ndani kipira cha chuma cha ukubwa mmoja, hesabu sekunde. Kile kinachokawia kufika chini kiko katika mafuta mazito zaidi. Lakini kumbukeni: umejibu ulizo moja tu kati ya saba.

c) Tone juu ya karatasi. Hii ni kwa mafuta yaliyotumika. Angusha tone moja juu ya karatasi ya kuchujia, liache usiku mzima. Kama weusi umetawanyika polepole mpaka pembeni, dawa bado inafanya kazi. Kama katikati kumebaki doa jeusi nene lenye mpaka mkali, na kando ni safi, dawa imechoka: fanya vidanje. Kama kuna duara la wazi pembeni kabisa, labda mazutu inaingia ndani ya mafuta.

d) Kutafuta maji. Mwalimu mwenyewe aangushe tone dogo juu ya kipande cha chuma chenye moto, wanafunzi wakae mbali na macho yalindwe. Likilia kama chumvi motoni, ndani kuna maji.

Vipimo hivi vinaweza kusema «haya ni mabaya». Haviwezi kusema «haya ni mazuri». Hiyo ni tofauti kubwa, na ni vizuri kila mwanafunzi aishike. Kwa kusema «mazuri», lazima njia yote ndefu tuliyoeleza: glasi, degre 150, asidi, masaa 216, na jicho la mtu anayehesabu pointi. Sisi tunapokea matunda ya kazi ile katika herufi mbili tatu tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya ni kufungua kitabu cha moteri, kuona herufi gani mwenye kuitengeneza aliomba, kuiandika juu ya karatasi, na kumpa yule anayetumwa sokoni. Asimtume mtu na neno moja tu: «mafuta».

Maulizo ya kujipima

1. Mafuta ya moteri yana kazi tano. Zitaje.
2. Kwa nini namba ya SAE peke yake haitoshi kuchagua mafuta?
3. Jirani yako ana moteri ya mazutu ya mwaka 2008. Ameletewa bidoni ya SAE 40, API SF/CD. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Mafuta yaliyochujwa na kitambaa yanakosa nini, hata kama rangi yake imerudi?
5. Kati ya vipimo a, b, c na d, ni kipi kinachoweza kuonyesha kwamba dawa ya kutawanya masizi imechoka? Eleza unachokiona juu ya karatasi.